Mshahara Bila Hakika ya Kazi Haujengi Nyumba

Tarehe 1 Januari 2026 viwango vipya vya kima cha chini cha mshahara katika sekta binafsi vilianza kutumika nchini mwetu. Kwa hesabu iliyotangazwa na Serikali mwezi Oktoba 2025, wastani wa viwango hivyo umepanda kutoka shilingi 275,060 hadi shilingi 358,322 kwa mwezi. Kabla ya hapo, siku ya Mei Mosi ya mwaka 2025 mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa amekwisha kutangaza kwamba kima cha chini cha watumishi wa umma kitatoka shilingi 370,000 kifike shilingi 500,000 kuanzia mwezi Julai. Hatua hizi mbili twazipongeza kwa moyo mmoja, maana mfanyakazi mwenye njaa hajengi nchi. Lakini twapenda kuuliza swali moja, na twaliuliza kwa ajili ya watu wa Mkuyuni na mitaa mingine mfano wake: nyongeza hii itamfikiaje mtu ambaye jina lake halimo katika kitabu chochote cha mishahara?

Mkuyuni ni kata ya Wilaya ya Nyamagana, kusini ya kitovu cha jiji la Mwanza, katika barabara iendayo Nyegezi hata Shinyanga. Upande mmoja ni ziwa, upande wa pili ni vilima vya mawe vilivyosongamana nyumba. Ni mahali pa watu wa kazi. Humo wanakaa wachukuzi wa mizigo, mafundi, wauza samaki, watumishi wa majumbani, na watu wanaotegemea bandari na viwanda vya minofu ya sangara katika ufukwe huu wa kusini. Wapo miongoni mwao wenye mikataba na vitambulisho vya kazi. Lakini wapo pia, wala si wachache, ambao kazi yao ni ya siku hata siku. Alfajiri wanasimama langoni. Msimamizi ananyosha kidole, huyu aingie, yule arudi nyumbani. Aliyeingia leo hajui kama ataingia kesho. Huyo ndiye twamwitaye kibarua.

Neno lenyewe lina historia yake. Kibarua ni barua ndogo. Hapo kale katika pwani yetu mfanyakazi wa kutwa alipewa kikaratasi kuwa ushahidi wa kazi ya siku ile, na kwa kikaratasi hicho alipata ujira wake. Hatimaye jina la karatasi likawa jina la mtu. Ajabu ya leo ni kwamba jina limebaki, karatasi imepotea. Kibarua wa siku hizi aweza kufanya kazi mwaka mzima mahali pamoja, akalipwa mkononi kila jioni, na siku atakayoambiwa asirudi tena asiwe na hata mstari mmoja wa maandishi wa kuonyesha kwamba alipata kuwapo.

Sisi twasema wazi kwamba mshahara na hakika ya kazi ni miguu miwili ya mtu mmoja. Ukiutia nguvu mguu mmoja na kuuacha wa pili ulemae, mtu huyo hatafika popote. Sheria ikisema kwamba mfanyakazi apate kiasi fulani, kisha mwajiri akabaki huru kumwondoa yeyote atakayedai kiasi hicho, sheria hiyo imeandikwa juu ya maji. Dai la mshahara hutoka kinywani mwa mtu asiyeogopa kesho. Aogopaye kesho hupokea anachopewa, akashukuru, akanyamaza.

Waasisi wa Taifa hili waliyajua haya, na waliyatenda mapema. Tanganyika ilipopata Uhuru Desemba 1961, mashamba mengi yalikuwa bado yanatumia kipande. Mfanyakazi alipewa kadi ya siku 30. Kila siku aliyomaliza kazi ilitiwa alama, wala mshahara haukutoka mpaka siku zile zitimie. Aliyeugua katikati, au aliyekwenda kumzika mzazi wake, alingoja. Mwaka 1962 sheria ya ajira ikarekebishwa na mtindo huo ukaondolewa, na katika mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya kiinua mgongo, ili mtu aachishwapo kazi asitoke mikono mitupu. Tume ya mishahara iliyoongozwa na Chesworth ikatoa taarifa yake, na mwanzoni mwa mwaka 1963 kima cha chini kikawekwa: shilingi 150 kwa mwezi katika mji wa Dar es Salaam, na viwango vya chini ya hapo katika miji mingine na mashambani. Kisha mwaka 1964 ikaja sheria ya kumlinda mfanyakazi asifukuzwe ovyo. Kwa sheria hiyo Kamati za Wafanyakazi zilianzishwa mahali pa kazi; makosa yakapangwa pamoja na adhabu zake, kuanzia onyo hata kufukuzwa; na aliyeona ameonewa alipewa njia ya kwenda kwenye Baraza la Usuluhishi, na kutoka hapo kwa Waziri.

Tazameni mpango huo. Katika muda wa miaka 3 kipande, kiinua mgongo, kima cha chini na ulinzi wa kazi vilishughulikiwa vyote. Hawakusema tuongeze mishahara kwanza, mengine yatakuja kwa wakati wake. Walifahamu kwamba moja bila jingine halisimami.

Lakini haifai kuisimulia historia nusu. Mambo hayo hayakuja bure. Sheria ya migogoro ya kazi ya mwaka 1962 ilifanya iwe vigumu mno kugoma kwa halali. Baada ya maasi ya askari ya Januari 1964, viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi waliwekwa kizuizini, shirikisho la TFL likavunjwa, na mahali pake pakawekwa chama kimoja, NUTA, ambacho Katibu Mkuu wake, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Mfanyakazi alipewa ulinzi kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akatakiwa aiweke chini silaha yake ya kugoma. Wako waliosema kwamba ilikuwa biashara ya haki kwa nchi changa, na wako waliosema kwamba bei ilikuwa kubwa. Hatukusudii kulimaliza shauri hilo hapa. Lililo muhimu kwetu ni mafunzo mawili yatokanayo na miaka ile.

Funzo la kwanza ni kwamba mshahara ukipanda, waajiri wengi hutafuta pa kupunguza. Katika miaka ya 1960 idadi ya watu wenye kazi za mshahara ilishuka, hasa katika mashamba ya mkonge, ambako bei ya dunia nayo ilianguka. Waliobaki kazini walipata zaidi. Walioachwa nje hawakupata kitu. Funzo la pili ni kubwa kuliko hilo. Ulinzi wa mwaka 1964 ulimfaa mtu mwenye kazi ya kuendelea. Kibarua wa kutwa, ambaye mapatano yake yalihesabiwa kwisha kila jua lichwapo, hakufukuzwa kamwe. Aliambiwa tu kwamba leo hakuna kazi. Hapo ndipo ukuta ulipoachwa na tundu, na kupitia tundu hilo waajiri wasiotaka gharama za sheria wamepita tangu siku hizo hata leo.

Watu wa Mwanza wameliona tundu hilo likipanuka. Katika miaka ya 1990 mashirika ya umma yalipobinafsishwa, maelfu ya watu nchini walipoteza kazi walizodhani ni za maisha. Hapa Mwanza jina la kiwanda cha nguo cha Mwatex halijasahauliwa. Wakati huo huo viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vikiota ufukweni. Vilileta kazi mpya, lakini kazi zenyewe zilifuata samaki na soko. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipoufunga mlango wake kwa samaki wa Ziwa Viktoria, kwa hofu ya sumu iliyotumiwa na baadhi ya wavuvi, mapigo ya uamuzi uliotolewa Brussels yalifika mara moja katika vyungu vya ufukwe huu. Na katika miaka iliyofuata, kila sangara alipopungua ziwani, mtu wa kwanza kurudishwa nyumbani alikuwa yule asiye na mkataba. Yeye ndiye aliyekuwa akiba ya hasara ya kila mtu mwingine.

Sasa tuitazame sheria ya leo, maana wafanyakazi wengi hawaijui, na haki isiyojulikana ni sawa na shamba lisilolimwa. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha sheria mbili: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, na Sheria ya Taasisi za Kazi. Ya kwanza yataka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Na ikiwa shauri litatokea naye hana maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi ni wake mwajiri, si wa mfanyakazi. Yataka tena haki za wafanyakazi zibandikwe mahali pa wazi kazini. Inakataza kumwachisha mtu kazi bila sababu ya haki na bila utaratibu wa haki. Inampa aliyemaliza miezi 12 mfululizo kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, kwa hesabu ya miaka isiyozidi 10, isipokuwa amefukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu.

Waajiri wengine watajibu: hayo ni ya waajiriwa, na hawa wetu ni vibarua. Jibu hilo halitoshi. Sheria ya Taasisi za Kazi yasema kwamba mtu anayemfanyia kazi mwingine atahesabiwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vingine, ikiwa lipo hata jambo moja kati ya mambo yaliyotajwa humo. Mojawapo ni kuwa chini ya amri ya mwenye kazi katika namna ya kufanya kazi au saa zake. Jingine ni kupewa naye vifaa vya kazi. Jingine ni kufanya kazi kwake kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Pigeni hesabu: saa 45 ni siku 5 za saa 9. Kwa hiyo, kibarua wa Mkuyuni aliyechaguliwa langoni siku 5 tu katika kila mwezi kwa miezi 3, mbele ya macho ya sheria, huanza kuhesabiwa kuwa mwajiriwa, aitwe jina lolote.

Na liko jambo la pili. Ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haumhusu aliyefanya kazi kwa mwajiri mmoja chini ya miezi 6. Lakini sheria yenyewe imeongeza kwamba muda huo ni wa ajira kwa mwajiri yule yule, uwe chini ya mkataba mmoja au mikataba zaidi ya mmoja. Ule ujanja wa kukata kazi moja kuwa siku mia, na kila siku kuiita mkataba mpya, sheria iliuona mapema, ikauzibia njia.

Basi tatizo ni nini? Tatizo ni kwamba yule aliyeziwia tundu hana habari kwamba limezibwa. Na hata akiwa na habari, hana ushahidi. Na hata akiwa na ushahidi, muda unampita. Malalamiko ya kuachishwa kazi yatakiwa kufikishwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi katika siku 30, na madai mengine ya kazi katika siku 60. Siku 30 ni chache kwa mtu anayetafuta chakula cha jioni. Anaporudi langoni kila asubuhi akitumaini kwamba msimamizi atamwonea huruma, siku zake zinakwisha hapo hapo langoni.

Twarudi kwenye mishahara. Tumesema kwamba wastani umepanda, na jambo hilo ni jema. Lakini wastani si mshahara wa mtu. Viwango vyenyewe vimegawanywa kwa sekta, na sekta hazilingani. Katika amri ya mishahara iliyotumika tangu Januari 2023 hadi mwisho wa mwaka 2025, wakati wastani ulikuwa shilingi 275,060, kima cha chini cha viwanda na biashara kilikuwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Nacho, ukikigawa kwa siku 26 za kazi, hakikufika shilingi 5,800 kwa siku. Kabla ya hapo kilikaa kwenye shilingi 115,000 tangu Julai 2013, miaka 9 na nusu bila kuguswa, huku bei ya unga, mafuta na nauli haikumngojea mtu. Safari hii marekebisho yamekuja baada ya miaka 3. Twaomba iwe desturi, isiwe bahati. Na twaomba kila mfanyakazi atafute kiwango cha sekta yake mwenyewe, asidanganyike na wastani wala asidanganywe nao.

Waajiri nao yafaa tuwasikilize, maana si wote walio wabaya. Wao husema: ziwa halina ratiba, leo samaki wanakuja tani nyingi, kesho mashine zimelala, tutamlipaje mtu wa kukaa bure? Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Kazi ya muda ipo, na sheria inaitambua kazi ya shughuli maalumu. Lakini mtu anayeitwa langoni mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, kukata minofu ile ile kwa kisu kile kile, hayuko katika shughuli maalumu. Yeye ni sehemu ya kiwanda kama yalivyo majokofu. Majokofu hayaondolewi kila jioni kwa kuwa kesho huenda samaki wakawa wachache. Tena, kama hatari za ziwa ni lazima zibebwe, kwa nini zibebwe zote na yule mwenye mabega membamba kuliko wote? Mwajiri akiongozana na wafanyakazi wake na chama chao, yawezekana kupanga zamu, kugawana siku za uhaba, na kuwa na orodha ya watu wa kudumu wa msimu. Mapatano hayo yanahitaji kitu kimoja tu cha kuanzia, nacho ni kwamba majina ya watu yaandikwe.

Jina likiandikwa, mengine hufuata. Mchango wa NSSF hukatwa na kupelekwa. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi humtambua aliyekatwa na kisu au aliyeteleza katika chumba cha barafu. Mama mwenye mimba huweza kudai siku zake 84 za likizo ya uzazi, badala ya kuficha tumbo mpaka siku atakayoshindwa kusimama. Bila jina, yote hayo ni hadithi nzuri isomwayo Dodoma.

Kwa hiyo twatoa rai, na kwanza twaitoa kwa Chama chetu. Matawi na mashina ya Chama katika Mkuyuni yanajua nani anakaa wapi na anafanya kazi wapi. Wakati wa uchaguzi twaweza kuhesabu watu nyumba kwa nyumba. Yatushinda nini kuwafundisha watu hao hao sheria ya kazi nyumba kwa nyumba? Chama kilichozaliwa na wakulima na wafanyakazi hakiwezi kumkumbuka kibarua siku ya kura tu.

Pili, kwa vyama vya wafanyakazi. Sheria inakipa haki ya kujadiliana na mwajiri chama chenye wanachama walio wengi katika kundi la wafanyakazi husika. Chama kinachoandikisha wenye mikataba peke yao, na kuwapita vibarua mlangoni, kinajinyima nguvu zake chenyewe. Anayemkataa kibarua leo atajikuta kesho nafasi yake imechukuliwa na kibarua huyo kwa bei nusu.

Tatu, kwa Serikali. Amri ya mishahara haina miguu. Maofisa wa kazi ndio miguu yake. Waongezwe, wapewe usafiri, na wafike langoni saa ile watu wanapochaguliwa, si saa nne wakati wa chai ofisini kwa meneja. Wakague tangazo la haki limebandikwa wapi, na orodha ya malipo ina majina mangapi.

Mwisho, ndugu mfanyakazi, neno hili ni lako. Nunua daftari la shule. Kila siku uliyofanya kazi andika tarehe, saa uliyoingia, saa uliyotoka, kazi uliyofanya, na fedha uliyopewa. Na ukiweza, andika mwenzako aliyekuwa kando yako. Ukiachishwa kazi usingoje huruma ya langoni. Hesabu siku 30, nenda ofisi ya Tume hapa Mwanza na daftari lako mkononi. Zamani mwajiri ndiye aliyempa kibarua karatasi yake. Ikiwa leo hataki kukupa, iandike mwenyewe.

Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi twaongeza kwamba haki hiyo haiwi kamili kwa kupandisha mshahara wa yule aliyekwisha kuandikwa kitabuni. Inakamilika siku yule wa langoni atakapoingia kazini kwa jina lake, akijua kwamba kesho jina hilo litaitwa tena.